Kaye ya komunike inaingia mu ordinatere: namna ya kutengeneza programu yako ya kwanza ya wavuti hapa Kindu

Kila asubuhi kuna watu mbele ya mulango wa redio yetu. Mumoja analeta komunike ya kifo, mwingine amepoteza karte yake ya uchaguzi, mwingine anatafuta mutoto aliyetoka nyumbani juzi na hajarudi. Wengine wanatoka Alunguli, wamevuka Lualaba na mutumbwi, wamelipa kuja na watalipa kurudi. Yote tunaandika mu kaye moja kubwa, kwa biki, na saa ya komunike ikifika mutangazaji anaifungua na kusoma.

Siku moja kosa lilikuwa langu. Mama mumoja alileta tangazo la kutafuta mutoto wake. Niliandika chini kabisa ya ukurasa. Mwenzangu wa mangaribi akafungua ukurasa mupya, na tangazo lile halikusomwa. Siku ya tatu mama akarudi. Akaniuliza pole pole: «Papa, tangazo yangu munaisoma siku gani?» Sikuwa na jibu. Mutoto, Mungu asifiwe, alikuwa ameonekana kwa shangazi yake kule Mikelenge. Lakini angeweza kuwa hajaonekana.

Njo maana nilianza kujifunza kutengeneza programu ndogo ya wavuti ya kuchunga komunike zetu. Mimi si enjeniere. Nilimaliza masomo ya sekondari, nikafanya mafunzo mafupi ya uandishi wa habari, basi. Kama mimi nimeweza, mwalimu wa shule, muganga wa santre ya afya ao katibu wa koperative ya mupunga anaweza pia. Katika makala hii ninaeleza njia niliyopita.

Programu ya wavuti ni kitu gani?

Watu wengi wanafikiri kama kitu cha wavuti kinapashwa kuwa kwenye intaneti. Si hivyo. Programu ya wavuti ni programu inayokaa mu ordinatere moja na kujibu wote wanaoiuliza kupitia Firefox, Chrome ao programu nyingine ya kufungulia kurasa. Yule anayeuliza anaweza kuwa Kinshasa, anaweza pia kuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni. Ordinatere moja inaweza kuuliza na kujibu yenyewe, bila hata mega moja.

Kuandika programu ya namna hiyo kutoka mwanzo ni kazi nyingi: kupokea maulizo, kutambua nani ameingia na neno gani la siri, kuhifadhi maandishi, kuchora kurasa. Njo hapo kiunzi kinasaidia. Wazia mutu anayetaka baiskeli ya kubebea mizigo. Hayeyushi chuma. Anatafuta fremu iliyokwisha kuunganishwa, kisha anaweka magurudumu, kiti na kibebeo kufuatana na muzigo wake. Kiunzi cha programu ni ile fremu. Kazi inayofanana kwa kila mutu imekwisha kufanywa, wewe unaongeza ile inayokuhusu.

Kiunzi kilichozaliwa mu chumba cha habari

Viunzi ni vingi: Laravel, Ruby on Rails, Django na vingine. Mimi nilichagua Django, na sababu moja ni historia yake. Haikuzaliwa mu kampuni kubwa. Ilianza mwaka 2003 kwenye gazeti la muji mudogo wa Lawrence, jimbo la Kansas, kule Marekani. Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wanatengeneza kurasa za gazeti hilo, na wakubwa wao walitaka kazi iishe kwa siku chache, wakati mwingine kwa saa chache. Wakakusanya vitu walivyokuwa wanarudilia kila mara, wakavifanya kiunzi. Mwezi wa saba 2005 kikatolewa kwa watu wote, bure. Jina lake linatoka kwa Django Reinhardt, mupiga gita aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910.

Karibu na sisi kuna mufano mwingine. Mwezi wa kwanza 2008, wakati wa machafuko ya uchaguzi Kenya, kikundi kidogo cha watu kilitengeneza Ushahidi, programu ya wavuti iliyopokea habari za mashambulio na kuzionyesha kwenye ramani. Ilichukua siku chache, si miezi. Mwisho wa mwaka ule ule ilitumiwa pia kwa vita ya huku kwetu mashariki ya Kongo. Kazi kama hiyo haingojei muji mukubwa. Inangoja mutu mwenye shida iliyo wazi.

Tayarisha mizigo yako usiku mumoja

Hapa Kindu konekisio inakuja na kuenda, na mega ni feza. Kwa hiyo pakua vitu vyote mara moja, viweke kwenye flashi, kisha fanya kazi bila intaneti. Unahitaji vitu viwili.

Cha kwanza ni Python, luga ya programu ambayo Django imeandikwa ndani yake. Faili yake ya Windows iko na mega karibu 25 hadi 30. Wakati wa kuiweka, tia alama kwenye kisanduku kinachotaja PATH. Ukikisahau, ordinatere itasema haijui Python. Cha pili ni Django yenyewe, ambayo haifiki mega 10. Kwenye ordinatere yenye konekisio, andika mu dirisha jeusi la amri:

`python -m pip download Django`

Faili zitakazoshuka zikopie kwenye flashi. Ordinatere ya kupakulia na ile ya kutumia ziwe za aina moja, na Python ya namba moja.

Angalisho kwa wenye mashini za okazio: nyingi zingali na Windows 7, na Python mupya haikubali humo. Ya mwisho inayokubali ni 3.8, na hiyo inaendana na Django 4.2, ya zamani kidogo. Kama kuna fundi karibu, heri akuwekee Linux. Ni bure, na mashini ya zamani inapumua.

Hatua kwa hatua

Kwanza tengeneza chumba cha pekee kwa kazi yako, ili isichanganyike na vitu vingine vya ordinatere. Mimi ninakiita «chumba»:

`python -m venv chumba`
`chumba\Scripts\activate`

Kwa Linux, mustari wa pili ni `source chumba/bin/activate`. Kisha ingia mu folda ya flashi na weka Django bila intaneti:

`python -m pip install --no-index --find-links=. Django`

Rudi mu folda yako ya kazi. Sasa simamisha fremu:

`django-admin startproject redio`
`cd redio`
`python manage.py runserver`

Fungua Firefox na andika `http://127.0.0.1:8000`. Ukiona picha ya roketi, furahi. Ile namba 127.0.0.1 maana yake ni «mimi mwenyewe»: ordinatere inajiuliza na kujijibu.

Simamisha kwa Ctrl na C, kisha ongeza sehemu ya komunike:

`python manage.py startapp matangazo`

Fungua faili `settings.py`, tafuta orodha ya INSTALLED_APPS, na ongeza ndani `'matangazo',`. Ukiwa humo, badilisha mistari miwili. Kwenye LANGUAGE_CODE andika `'sw'`, na Django itakuonyesha kurasa zake nyingi kwa Kiswahili. Wanaopenda Kifaransa waandike `'fr'`. Kwenye TIME_ZONE andika `'Africa/Lubumbashi'`. Mimi niliandika Kinshasa kwanza, juu njo mukubwa wa inchi. Komunike zote zikaonekana nyuma kwa saa moja. Maniema inafuata saa ya Lubumbashi, tusisahau.

Sasa eleza kaye yako inafanana namna gani. Mu faili `models.py` andika:

```
from django.db import models

class Tangazo(models.Model):
    mwenye = models.CharField(max_length=100)
    komini = models.CharField(max_length=50)
    maneno = models.TextField()
    tarehe = models.DateField()
    limesomwa = models.BooleanField(default=False)

    def __str__(self):
        return self.mwenye

    class Meta:
        verbose_name_plural = 'matangazo'
```

Soma pole pole utaona ni mistari ya kaye tu: nani ameleta, komini gani, maneno yenyewe, siku ya kusoma, na kama limesomwa ao bado. Ule mustari wa mwisho una sababu yake. Django inajua wingi wa Kiingereza peke yake. Bila mustari huo itakuandikia «tangazos».

Mu faili `admin.py` andika:

```
from django.contrib import admin
from .models import Tangazo

@admin.register(Tangazo)
class TangazoAdmin(admin.ModelAdmin):
    list_display = ['mwenye', 'komini', 'tarehe', 'limesomwa']
    list_filter = ['limesomwa']
```

Maliza kwa amri nne:

`python manage.py makemigrations`
`python manage.py migrate`
`python manage.py createsuperuser`
`python manage.py runserver`

Mbili za kwanza zinatengeneza kaye yenyewe ndani ya ordinatere. Ya tatu inakuuliza jina na neno la siri. Unapoandika neno la siri hautaona kitu kwenye ekra. Usiogope, linaandikwa. Ya ine inaamusha programu. Fungua `http://127.0.0.1:8000/admin/`, ingia, na utaona ukurasa wa kuandika, kusahihisha na kuchuja komunike. Ukurasa huo haukuuchora wewe. Kiunzi kimekupa.

Angalia tena mustari wa `list_filter`. Unaweka pembeni ya orodha kitu cha kugusa ili kuona tu matangazo yasiyosomwa. Mustari mumoja. Kama ungekuwapo siku ile, tangazo la yule mama lingebaki mbele ya macho ya mwenzangu hata alisome.

Umeme ukikatika

Swali la kwanza ambalo wenzangu waliniuliza ni hili: «Batri ya pano ikiisha, tunapoteza yote?» Hapana. Django ikianza inatumia SQLite, na kaye yote iko mu faili moja inayoitwa `db.sqlite3`. Ukisha kugusa kitufe cha kuhifadhi, maandishi yako kwenye diski. Unachopoteza ni kile ulichokuwa bado unaandika. Lakini diski nayo inakufa. Kila mangaribi tunasimamisha programu, tunakopia faili ile kwenye flashi, na flashi haibaki redio, inalala kwa mwingine. Kaye ya karatasi nayo hatujaitupa. Kwa miezi ya kwanza andika pande mbili.

Simu za wenzako

Ukitaka mutangazaji asome kwenye simu yake, unganisha simu na ordinatere kwenye wifi moja, hata ile isiyo na intaneti. Tafuta namba ya ordinatere, tuseme 192.168.1.5, iandike mu ALLOWED_HOSTS ya `settings.py`, na amusha hivi:

`python manage.py runserver 0.0.0.0:8000`

Simu itafungua `http://192.168.1.5:8000/admin/`. Neno la siri la wifi lisiwe la kugawia wageni wote.

Usiharakishe kuitoa inje

Sasa ninasema jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Ukisha kuona programu inatembea, roho itakuambia uiweke kwenye intaneti dunia nzima ione. Ngoja kwanza.

Kaye yetu iko na majina ya watoto waliopotea, ya wamama wanaotafuta bwana zao, ya watu waliokimbia vita. Tangu Goma na Bukavu ziliposhikwa mwanzo wa 2025, jina la mutu na mahali amelala si habari ya kawaida. Redioni maneno yanapita. Kwenye intaneti yanabaki, na anayemutafuta mutu kwa ubaya anasoma sawasawa na anayemutafuta kwa wema. Tena sheria iko: Kanuni ya dijitali ya inchi yetu, ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inalinda habari za watu binafsi.

Kwa upande wa ufundi pia, ile amri ya runserver ni ya kujifunzia na ya chumbani. Watengenezaji wa Django wenyewe wanakataza kuitumia inje. Mu `settings.py` kuna DEBUG = True. Inapobaki hivyo, kosa likitokea ukurasa unamwaga siri za ndani mbele ya kila mutu. Kuna pia SECRET_KEY, ufunguo wa nyumba, ambao haupashwi kutumwa kwa mutu yeyote. Siku utakapotaka kutoka inje, tafuta mujuzi, na ujiulize kwanza: nani atafaidika, nani anaweza kuumia?

Kwa sasa ordinatere yetu iko juu ya meza ile ile ya kaye. Anayeleta komunike tunamugeuzia ekra, anaona jina lake na siku ya kusomwa, kisha anaenda zake. Wale wa Alunguli hawavuki tena mara ya pili kuja kuuliza.