Simu yako inakuchungulia! Je, kuna pa kujificha?

UMEJIFUNGIA chumbani. Pazia limeshuka, mlango umekomewa, hata redio umepunguza sauti. Unaandika meseji ya mambo yenu, unaituma, halafu unatabasamu peke yako ukiamini kuwa mpo wawili tu duniani. Pole ndugu msomaji. Huenda humo chumbani mmejaa kuliko daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni!

Kampuni ya simu inajua laini yako iko jirani na mnara upi. Mwenye programu uliyoipakua jana kwa ajili ya kurembesha picha anajua unalala wapi na unaamkia wapi. Mpenzi wako mwenye wivu anajua namba ya kufungulia simu yako, ingawa hakwambii. Na ukiwaudhi wakubwa, wapo wenye uwezo wa kuomba taarifa zako zote kwa barua moja tu.

Sasa swali linaloulizwa kila kijiwe ni hili: mtu wa kawaida, sista duu wa Sinza au brazameni wa Kariakoo, anaweza kweli kujilinda asichunguzwe mtandaoni? Wapo wanaosema haiwezekani, bora kukata tamaa na kuendelea kula bando. Wapo wanaosema weka VPN, mambo kwisha. Wote wamekosea. Jibu linategemea unamkimbia nani.

TUANZE NA WA NYUMBANI

Ukitaja upelelezi, watu wanawaza majasusi wenye miwani myeusi. Ukweli ni kwamba vijana wengi wanachunguliwa na mtu wanayekula naye sahani moja. WhatsApp inaruhusu mtu kuunganisha akaunti yake na kompyuta au simu nyingine. Aliyeishika simu yako dakika mbili ukiwa unaoga, na anajua namba ya kuifungulia, anaweza kuiunganisha na kifaa chake, kisha akakaa kwake Tabata anasoma mazungumzo yako kama gazeti. Wewe huku unabaki kujiuliza, "Huyu kajuaje?"

Habari njema ni kwamba mpelelezi wa aina hii ndiye rahisi kuliko wote kumfukuza. Fungua WhatsApp, nenda kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kifaa usichokijua, kitoe. Badilisha namba ya kufungulia simu, na isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, maana huo hata mwenye duka anaujua. Hapo ushindi ni wako, na hujatumia hata senti tano.

PICHA ILIYOMCHOMA MTAALAMU

Usidhani ni washamba tu wanaonaswa. Novemba 2012, John McAfee, Mmarekani aliyeanzisha kampuni maarufu ya programu za kuzuia virusi vya kompyuta, alikuwa anajificha. Polisi wa Belize walitaka kumhoji kuhusu kifo cha jirani yake. Akatoweka, dunia nzima ikawa inauliza yuko wapi.

Waandishi wa jarida la Vice wakampata, wakapiga naye picha, wakaiweka mtandaoni tarehe 3 Desemba kwa mbwembwe kibao. Kumbe simu iliyopiga picha hiyo iliandika ndani yake kipimo cha mahali ilipopigwa. Watu wakaifungua, wakasoma: Guatemala. Siku mbili baadaye jamaa alikuwa mikononi mwa polisi wa Guatemala kwa kuingia nchini humo kinyemela.

Zingatia kwamba hakuna aliyedukua kitu hapo. Picha yenyewe ndiyo iliyosema. Na simu yako nayo, kama hujazima kipengele cha lokesheni kwenye kamera, inaweza kuwa inaandika vivyo hivyo kila unapojipiga picha ukiwa nyumbani kwako.

MKOPO WA DAKIKA TANO, AIBU YA MWAKA

Tuje kwenye kasheshe linalowaumiza wengi zaidi: mikopo ya simu. Ukapa umekubana, unaona tangazo, unapakua programu. Inakuuliza kama inaruhusiwa kuona majina yote uliyohifadhi kwenye simu. Wewe unawaza mshiko tu, unabonyeza "Ruhusu". Ukichelewa kulipa siku mbili, mama mkwe anapata ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu na yeye ndiye mdhamini wako. Bosi naye anapata. Mchungaji anapata. Hata yule ex uliyesahau kufuta namba yake anapata!

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kenya nao hawakulala. Septemba 2023 ofisi yao ya kulinda taarifa binafsi iliitoza faini ya karibu shilingi milioni tatu za Kenya kampuni moja ya mikopo ya simu kwa kutumia majina na namba za watu iliyozipata kwa wengine. Siku hiyohiyo ukumbi wa starehe wa Casa Vera wa Nairobi ulipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kubandika mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Kwa hiyo yale mambo ya kupigwa picha ukiwa unajirusha na kesho yake umekuwa tangazo la baa, kumbe yana bei yake.

Na hapahapa kwetu sheria ipo. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Sheria haitafuta meseji aliyotumiwa mama mkwe, lakini anayeituma anajua sasa kuna mahali pa kumshitaki. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunalalamika kijiweni tu, hatuendi panapohusika.

RAFIKI YAKO NDIYE TUNDU

Hapa ndipo wanaojigamba kuwa wao "hawaweki mambo yao mtandaoni" wanapopigwa chenga. Mwaka 2018 ililipuka soo la kampuni ya Uingereza iitwayo Cambridge Analytica. Ilikuwa hivi: watu kama 270,000 walipakua programu ya maswali ya kupima tabia kupitia Facebook. Lakini programu ile ilichota pia taarifa za marafiki zao. Facebook yenyewe ikaja kukiri kwamba waliochotewa wanaweza kufika milioni 87. Hebu piga hesabu: kila aliyejibu maswali aliwauza zaidi ya watu mia tatu, na hao hawakugusa kitu.

Na usidhani ni mambo ya Wazungu pekee. Wakubwa wa kampuni hiyo walinaswa na kamera ya siri wakijisifu kuwa walifanya kazi kwenye kampeni za uchaguzi wa Kenya mwaka 2013 na 2017.

Kwa maana hiyo faragha yako si yako peke yako. Namba yako imo kwenye simu za watu mia mbili. Picha zako za harusi zimo kwa binamu asiyejua kusema hapana. Hata ukijifungia vipi, mtu uliyemwandikia anaweza kupiga skrinshoti na kuirusha kwenye kundi la ukoo.

VPN SI KINGA YA UKIMWI

Vijana wengi wakishaweka VPN wanajiona wamevaa ngao. Tuelewane. VPN inafanya kampuni yako ya mtandao isione unatembelea wapi. Lakini mwenye VPN ndiye anayeona sasa! Umemhamisha mlinzi tu, hujamwondoa. Facebook ilikuwa na VPN yake ya bure iitwayo Onavo, na ilikuwa ikiitumia kujua watu wanatumia programu zipi za washindani. Apple ilipokuja juu mwaka 2018, ikaondolewa kwenye duka lake. Cha bure, ndugu yangu, mara nyingi bei yake ni wewe. Halafu kumbuka kwamba Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN nchini waziandikishe. Kabla hujaiweka, jua sheria inasemaje.

Na lile dirisha la siri la Google ambalo wengi wanalikimbilia usiku? Linaficha historia kwa anayeshika simu yako, basi. Mwaka 2020 watumiaji waliishitaki Google Marekani wakisema iliendelea kukusanya taarifa zao humo humo, na mwaka 2024 kampuni hiyo ilikubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu.

DOLA IKIKUTAKA

Sasa tufike kwenye ngoma nzito. Juni 2013 kijana wa miaka 29, Edward Snowden, alitoa hadharani nyaraka zilizoonyesha jinsi shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilivyokuwa likizoa mawasiliano ya watu duniani. Dunia ikashituka. Baada ya hapo makampuni yakaanza kufunga ujumbe kwa fumbo ambalo hufunguliwa na simu ya mtumaji na ya mpokeaji tu. WhatsApp ilikamilisha kazi hiyo Aprili 2016.

Je, fumbo linafanya kazi? Ndiyo. Mwaka 2016 mahakama Marekani iliiamuru Signal, programu nyingine ya meseji, itoe taarifa za mteja wake. Walichokuwa nacho ni mambo mawili tu: siku akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho kuingia mtandaoni. Wakatoa hayo, hawakuwa na zaidi.

Lakini fumbo lina mipaka. Linaficha ulichosema, halifichi kila kitu kuhusu nani alizungumza na nani, saa ngapi na kutoka wapi. Mwaka 2021 kampuni ya barua pepe ya Proton ya Uswisi, inayosifika kwa usiri, iliamriwa kisheria kutoa anwani ya mtandao ya mwanaharakati mmoja wa Ufaransa. Barua zake hazikusomwa, ila mahali alipo palijulikana. Hapa kwetu, tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza Mei 2019, laini yako na kitambulisho chako cha NIDA ni mtu na pacha wake.

Na mwenye nguvu akikutaka kweli, hahangaiki na fumbo. Anaingia kwenye simu yenyewe. Mwaka 2019 WhatsApp iligundua kuwa programu ya Pegasus, ya kampuni ya NSO ya Israel, ilikuwa imetupiwa watu kama 1,400. Ilikuwa ikiingia kwa kupigiwa simu tu, hata usipopokea! Hapo hakuna ujanja wa mtaani. Bahati ni kwamba silaha hiyo ni ghali, haipotezwi kwa kumfuatilia mtu anayegombana na mwenye nyumba wake.

"MIMI SINA CHA KUFICHA"

Kauli hii ni ya mtu ambaye bado hayajamkuta. Denti anayetafuta ushauri usiku baada ya kuharibikiwa hana kosa. Anayesoma habari za dawa za kufubaza virusi hana kosa. Mfanyakazi anayetafuta kazi nyingine huku bosi hajui hana kosa. Wote wana cha kuficha, na ni haki yao. Siku siri hiyo ikitoka, anayefukuzwa nyumbani au kazini ni wao, siyo aliyeitoa.

SASA UFANYEJE?

Kwanza, weka hatua ya pili ya ulinzi kwenye WhatsApp na barua pepe, ili mwizi wa neno la siri asiishie kukuliza.

Pili, pitia ruhusa za programu zako. Tochi haina shida na kipaza sauti chako. Ya mikopo haina shida na majina ya shangazi zako.

Tatu, zima lokesheni ya kamera.

Nne, kumbuka kwamba nakala za WhatsApp zinazohifadhiwa nje ya simu hazifungwi kwa fumbo mpaka wewe mwenyewe uwashe kipengele hicho, kilicholetwa mwaka 2021.

Tano, kubali masasisho ya simu yanapokuja. Ndiyo yanayoziba matundu.

Sita, fikiri kabla ya kutoa kisichobadilika. Neno la siri likiibwa utaweka jingine. Jicho je? Nairobi mwaka 2023 vijana walipanga foleni KICC wapigwe picha mboni za macho na Worldcoin kwa malipo ya kama shilingi 7,000 za Kenya. Serikali ikasimamisha zoezi, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe. Mshiko ule uliisha wiki ileile.

Basi msomaji wangu, faragha kamili haipo, atakayekuuzia ni msanii. Lakini mpenzi mchunguzi unamweza, programu zenye njaa unazipunguza, na dola unaifanya itoe jasho na kufuata sheria. Tofauti ya nyumba iliyofungwa na iliyo wazi ni kubwa, hata kama kila kufuli lina fundi wake. Kabla hujalala leo, fungua ile orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kifaa cha Tabata, kazi kwako!