Antena Iliyolala, Antena Iliyosimama

Panda ghorofa lolote la Kangemi au Kawangware, jijini Nairobi, utazame mapaa ya mabati hapo chini. Antena za televisheni zimechomoza juu ya miti na vyuma, nyingine vijiti vyake vimelala sambamba na ardhi, nyingine vimesimama wima. Mara moja moja utaiona iliyoinama nusu, haijalala wala haijasimama. Mwenyewe huenda anamlaumu mtangazaji.

Fundi akipanda juu, huizungusha kushoto na kulia akitafuta mlingoti. Ukiwa Dagoretti, Limuru, yalikoanzia matangazo ya televisheni ya Kenya mwaka 1962, iko kaskazini-magharibi. Milingoti ya vilima vya Ngong iko kusini-magharibi. Lakini kuelekea kwenye mlingoti ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mkao, ambao wataalamu huuita polaraizesheni.

Shika kamba iliyofungwa mtini. Ukiitikisa juu na chini, wimbi husimama. Ukiitikisa kushoto na kulia, hulala. Umeme wa wimbi la redio nao hutikisika hivyo. Mwaka 1888 Heinrich Hertz aliweka wavu wa nyaya sambamba mbele ya mawimbi yake. Nyaya zilipolingana na mtikisiko, ziliyazuia. Alipozigeuza zikakingamana nao, yalipita kana kwamba hapakuwa na kitu. Antena ni waya wa namna hiyo: hudaka wimbi linalolingana nayo. Ikiinama nyuzi 45, hupata nusu ya nguvu. Ikikingama kabisa, hubaki na chembe tu, nayo mara nyingi ni ile iliyogonga kuta za majengo ikapinda mkao.

Hapo ndipo kelele inaposhinda. Mota za lifti za katikati ya jiji, mashine za kuchomelea vyuma, plagi za bodaboda na chaja duni za simu, vyote hurusha mawimbi bila kukusudia. Ya masafa ya chini, yakisafiri karibu na ardhi, yale yaliyolala hufifia upesi. Yaliyosimama hufika mbali zaidi.

Zamani kelele ilionekana: picha ilijaa chenga. Tangu Kenya izime mitambo ya analogi mwaka 2015, king'amuzi hutoa picha safi mpaka ghafla inakatika vipande na kuganda. Wengi hukimbilia kununua kikuza mawimbi. Kifaa hicho hufidia nguvu inayopotea kwenye kebo ndefu, ila hakijui kuchambua: kelele iliyokwisha kuingia hukuzwa pamoja na picha.

Mabamba ya simu juu ya majengo ya Westlands yana dawa yao. Ndani yake mna antena mbili zilizokingamana, moja imeinamia kushoto na nyingine kulia, kwa kuwa simu mkononi haina mkao mmoja. Antena ya paani inao. Angalia ya jirani anayepata picha nzuri, legeza nati, ugeuze yako ifanane nayo.