Amplifaya ya Zamani na Usalama wa Watoto

Leo tunazungumza nawe mama, na wewe mlezi, kuhusu hatari ya stima inayolala stoo: amplifaya au redio kubwa ya zamani ya valvu. Huenda ni ya babu, na vijana wanataka kuiwasha wasikie muziki. Ngojeni kwanza.

Valvu ni zile taa za kioo zilizo ndani ya mtambo. Stima ya nyumba zetu ni volti 240, lakini ndani ya amplifaya ya valvu mara nyingi kuna volti 300 au zaidi. Hizo zaweza kuua.

Kwa nini usiichomeke tu? Ndani yake kuna kapasita, vifaa mfano wa mikebe midogo vinavyoweka umeme. Vikikaa miaka mingi bila kazi, utando wake wa ndani hudhoofika. Ukiwasha ghafla, kapasita hupata moto, huweza kupasuka, na transfoma huweza kuungua. Tena mpira wa waya hukauka na kupasuka, au huliwa na panya. Mitambo mingi ya zamani haina waya wa ardhi, hivyo waya uliochubuka ukigusa chuma cha nje, anayekishika hupigwa na stima.

Jihadhari pia: kapasita huweza kubaki na umeme hata baada ya mtambo kuchomolewa. Kwa hivyo mtoto asiufungue wala kuingiza kidole.

Mwite fundi wa redio anayejua valvu, umuulize haya:

1. Je, amekagua waya, plagi na fyuzi mtambo ukiwa umechomolewa?
2. Je, amepima kapasita na kubadilisha zilizoharibika?
3. Je, atauwasha polepole, stima ikipitia kwanza kwenye balbu ya kizamani, ile ya waya mwembamba ndani? Balbu ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, kuna shoti. Azime mara moja.
4. Je, chuma cha nje kimeunganishwa na waya wa ardhi?

Ukishatengenezwa, uweke mahali mtoto hafiki. Valvu huwa moto sana. Usiufunike kwa kitambaa, wala usiweke maji juu yake.

Mtoto akinaswa na stima, usimshike. Zima swichi kuu. Ikishindikana, simama mahali pakavu umsukume kwa mti mkavu. Kama hapumui, ita msaada, na aliyefundishwa huduma ya kwanza aanze kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi. Aliyeungua mwagilie jeraha maji safi yasiyo moto kwa dakika 20. Usipake siagi wala dawa ya meno. Kisha mpeleke hospitali hata akionekana mzima, kwani stima huweza kudhuru moyo bila alama yoyote kwenye ngozi.

Mama, kumlipa fundi ni nafuu kuliko kumlilia mtoto.