Istilahi za Kiitaliano katika Ufundishaji wa Nadharia ya Muziki: Mifano kutoka Shinyanga na Geita

Mwanakwaya wa Shinyanga au Geita aliyezoea nota za herufi, yaani d, r, m, f, s, l, t, amekwisha kupokea urithi wa Italia bila kujua. Asili ya silabi hizo ni mafundisho ya Guido wa Arezzo, mtawa wa karne ya 11. John Curwen ndiye aliyeueneza mfumo wa herufi nchini Uingereza katika karne ya 19. Hata hivyo, mwanakwaya huyo aingiapo darasa la nadharia hukabidhiwa orodha ya maneno mageni ya kukariri. Makala haya yanadai kwamba kinachomkwaza si matamshi bali maana.

Kifonolojia, maneno kama 'andante' na 'allegro' huishia kwa irabu na kubeba mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, sawa na Kiswahili. Mkazo wa 'pianissimo', ulio katika silabi ya tatu kutoka mwisho, ndio unaohitaji mazoezi.

Kisemantiki, hali ni tofauti. Kwa mwanafunzi wetu, 'piano' ni ala. Kwa Mwitaliano ni 'kwa sauti ndogo'. Ala yenyewe, iliyobuniwa na Bartolomeo Cristofori huko Firenze kufikia mwaka 1700, ilipewa jina kwa sababu iliweza kutoa sauti ndogo ('piano') na kubwa ('forte'). Baadaye jina likafupishwa. Vilevile, 'allegro' hufasiriwa 'haraka', ilhali maana yake ya msingi ni 'kwa uchangamfu'. Nayo 'andante' hutokana na kitenzi 'andare', kwenda: ni mwendo wa mtu atembeaye. Kuita mwendo wa muziki kwa tendo la mwili si jambo geni Usukumani: wigashe, uimbaji wa kuketi, umepata jina lake kutokana na kitenzi cha Kisukuma chenye maana ya kukaa.

Mofolojia ndiyo inayotoa msaada mkubwa zaidi. Anayekijua kiambishi '-issimo', yaani 'mno', ameelewa 'fortissimo', 'pianissimo' na 'prestissimo' kwa pamoja. Kiishio '-ndo' huonesha tendo linaloendelea, nacho hukaribiana na '-ki-' ya Kiswahili: 'crescendo' ni 'sauti ikikua', 'diminuendo' ni 'ikipungua', 'rallentando' ni 'mwendo ukipungua'. Tofauti hii husikika. Kwaya iliyofundishwa kwamba 'crescendo' ni 'sauti kubwa' hupaza sauti ghafla penye alama. Iliyofundishwa 'ikikua' huanza chini na kupanda hatua kwa hatua. Mcheza bugobogobo, ambaye jembe lake hufuata ngoma kila mwendo unapobadilika, hahitaji maelezo marefu kuhusu 'accelerando': ni 'mwendo ukiongezeka'.

Kwa hiyo, hatupendekezi kuzibadili istilahi hizi kwa visawe vya neno mojamoja. Zibaki kama zilivyo katika nota, kwa kuwa ndizo atakazozikuta mwanafunzi popote aendako. Ila zifafanuliwe kwa sarufi ya Kiswahili na kwa muziki anaoufahamu tayari.