Nyaraka za Modeli za Akili Mnemba (2): Milango Isiyo na Majina Mamoja

Katika makala iliyotangulia tulieleza kadi ya modeli ni waraka wa namna gani, tukasema kwamba asili yake ni andiko la mwaka 2018 la Margaret Mitchell na wenzake wanane, waliotaka kila modeli inayotolewa kwa watu ifuatane na maelezo ya kazi iliyokusudiwa, ya data iliyofunzwa nayo, na ya jinsi ilivyopimwa. Leo twatazama jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, nalo ni majina ya milango ya waraka huo. Kwani andiko lile liliweka milango tisa, kila mmoja na jina lake na mahali pake, walakini waliokuja baadaye waliipokea fikra bila ya kuupokea mpango.

Tutazame habari ya mipaka, yaani mambo ambayo modeli haiyawezi na mahali isipofaa kutumiwa. Mitchell na wenzake waliiweka katika mlango wa mwisho, ambao tukiufasiri ni Tahadhari na Mapendekezo. Kadi ya BERT, modeli ya lugha, iliyomo katika hazina ya modeli iitwayo Hugging Face, ina mlango wa Matumizi Yaliyokusudiwa na Mipaka, na ndani yake mna fasili nyingine iitwayo Mipaka na Upendeleo. Kiolezo cha hazina hiyo hiyo chasema Upendeleo, Hatari na Mipaka. Kadi ya Whisper, modeli ya OpenAI ya mwaka 2022 inayogeuza usemi kuwa maandishi, yasema Utendaji na Mipaka. Na kadi ya Llama 2, modeli ya lugha iliyotolewa na Meta mwaka 2023, imeichanganya mipaka na maadili, ilhali katika mpango wa 2018 maadili yalikuwa na mlango wake peke yake. Mswahili atakaye kujua kama Whisper hukisikia Kiswahili sawasawa na Kiingereza atakuta imeelezwa, chini ya kichwa hicho cha Utendaji na Mipaka, kwamba usahihi hupungua katika lugha zenye data chache. Lakini aliyezoea mpango wa 2018 angeitafuta habari hiyo penye matokeo ya tarakimu, yaliyochambuliwa kundi baada ya kundi.

Ubaya wa hali hii haukomei katika kumchosha msomaji. Vichwa visipokuwa na mpango, kunyamaza hakujulikani kuwa ni kunyamaza: asiyeuona mlango wa mipaka hawezi kuyakinisha kama mtungaji hakuipima modeli yake, ama aliipima akaiandika habari chini ya kichwa kingine. Mwanafunzi wa fikihi hapa pwani, akifungua kitabu asichopata kukiona, hujua kwamba tohara itatangulia sala, na zaka itatangulia saumu na hija, hata mas'ala yakikosekana penye mlango wake hujua kwa hakika kuwa yameachwa. Msomaji wa kadi za modeli hana yakini hiyo, wala programu inayosoma maelfu ya kadi kwa kufuata vichwa haina.

Na kadi zenyewe ni nyingi mno. Mwaka 2024 jarida la Nature Machine Intelligence lilichapisha uchunguzi wa kadi 32,111 za Hugging Face, ikadhihirika kwamba habari za mafunzo ndizo zinazojazwa zaidi, ilhali mipaka, tathmini na athari kwa mazingira ndiyo milango iachwayo mitupu kuliko mingine. Basi mlango wa mipaka, ambao jina lake ndilo litangatangalo, ndio pia unaopuuzwa.

Rai yangu ni kwamba kichwa kibaki pale pale hata pasipo la kusemwa, na chini yake mtungaji akiri waziwazi kuwa hakupima. Kiolezo cha Hugging Face huweka penye nafasi tupu maneno ya kuarifu kwamba maelezo zaidi yanahitajika. Na mtungaji ayafutaye pamoja na kichwa chake, kwa kuona haya, humdhulumu msomaji, maana daktari au hakimu anayeletewa modeli hiyo angejua kwa maneno yale yale ni swali gani amwulize aliyeitengeneza kabla ya kuitumia kwa mgonjwa au kwa mshitakiwa.