RISASI GANI KIBOKO YAO? MBOGO HATISHWI NA KELELE

Kwenye vijiwe vya Bukoba, kuanzia Hamugembe mpaka Kashai, mabingwa wa bunduki hawakosekani. Wengi wao wameiona kwenye video tu: Mzungu kavaa kofia, dubu kasimama kwa miguu miwili huko Alaska, paa! Chali. Basi hapo ubishi unawaka mpaka kahawa inapoa: risasi gani kiboko yao?

Dubu kwetu hayupo, mshikaji. Lakini ukitoka Bukoba ukapita Muleba ukaelekea ziwa Burigi, kuna nyati na kuna kiboko mwenyewe. Nyati dume anaweza kufika kilo 800. Kiboko dume anapita tani moja na nusu. Dubu mkubwa wa Alaska, pamoja na sifa zote hizo, huwa kwenye kilo 600 hivi akinenepa vizuri. Kwa hiyo ubishi wa kijiweni una maana, ila wengi wanaubishia upande usio sahihi.

SMG siyo dawa

Kosa la kwanza ni kudhani bunduki ya vita inaweza kila kitu. Risasi ya SMG ina gramu 8 tu. Ilitengenezwa kwa ajili ya binadamu, siyo kwa mnyama mwenye ngozi nene na mifupa kama magogo. Ukimpiga nayo mbogo, mara nyingi unamjeruhi tu. Na mbogo aliyejeruhiwa ndiye hatari kuliko wote: anaingia kichakani, anageuka, anamsubiri anayefuata damu yake. Gobole na shotigani ya marisau ndiyo usiseme, hapo umeenda kumkasirisha.

Namba za wakubwa

Wawindaji wazoefu wana majina matatu mdomoni. La kwanza ni .375 Holland & Holland, ya mwaka 1912. Risasi yake ina gramu 19 hivi na inatoka kwa mwendo wa mita 770 kwa sekunde. Kwa uwindaji wa kitalii hapa Tanzania, hicho ndicho kipimo cha chini kwa wanyama kama nyati na tembo. Hiyo hiyo ndiyo wengine wanayobeba Alaska kwa dubu.

La pili ni .416 Rigby, ya 1911, gramu 26. La tatu ni .458 Winchester Magnum, iliyotoka 1956, gramu 32. Hii haina mbio sana, lakini ikifika imefika. Ni silaha ya kumsimamisha mnyama anayekuja kwako, na ndiyo maana imependwa na askari wa wanyamapori.

Laini au ngumu?

Kuna risasi laini, ambayo ncha yake inafunguka kama ua ikiingia mwilini na kufanya jeraha pana. Hiyo ni ya simba, na ya dubu pia. Halafu kuna ngumu, isiyofunguka, inayopasua mfupa na kwenda ndani moja kwa moja. Kwa tembo na kiboko ni ngumu. Kwa nyati wengi huanza na laini iliyo imara, kisha zinazofuata zote ngumu.

Bega lako ulilisikiliza?

Bunduki kubwa inapiga teke. Kijana akishaonja teke la .458 mara mbili, ya tatu anafumba macho kabla ya kuvuta. Risasi inakwenda mawinguni, mbogo anakuja duniani. Ndiyo maana wakongwe wanasema chukua kubwa kabisa unayoweza kuipiga bila kuogopa, basi. Kwa wengi jibu ni .375.

Mskoti W.D.M. Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi ndogo ya milimita 7. Siri yake? Alisoma fuvu la tembo mpaka akajua ubongo ulipo, na alitumia risasi ngumu. Usimuige. Siku hizi ni kosa la sheria, na wewe siyo Bell.

Kwetu Kagera

Mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yalionja bunduki vya kutosha. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walimiminika Ngara na Karagwe, silaha zikazagaa, na ujangili ukawamaliza wanyama wengi. Mwaka 2019 mapori hayo yakaunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Humo kuwinda ni marufuku, uwe na .375 au manati.

Kwa hiyo kiboko akiingia kwenye shamba lako la mahindi, usiazime gobole la jirani ili uonekane dume. Mpishe, usisimame kati yake na maji, watoto wasisogee, kisha mwite ofisa wanyamapori wa wilaya. Yeye ana bunduki ya saizi hiyo na kafundishwa kuitumia. Na kama roho yako inataka kazi hiyo kweli, chuo cha Pasiansi kipo Mwanza, ng'ambo ya ziwa tu. Nenda kasome. Kijiweni hawatoi cheti.