Povu Nyingi Haiko Hewa Nyingi



Siku ya kufua, kando ya ziwa, mabishano yalitokea. Wamoja walisema: sabuni inafanya povu, povu iko hewa, basi samaki wanapata hewa zaidi. Tulicheka kwanza, kisha tukaona ya kwamba jibu si rahisi.

Oksijeni ya hewa inaingia ndani ya maji kwa njia ya uso tu, pale maji na hewa vinagusana. Ukubwa wa uso ule na wepesi wa kupita, hivyo viwili ndivyo vinahesabika. Sabuni inagusa vyote viwili, na hapo ndipo fujo.

Kila chembe ya sabuni iko na kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Kwa hiyo zinajipanga usoni, mikia hewani. Uvutano wa uso wa maji safi ni milinyutoni 72 hivi kwa mita. Sabuni inauangusha hata karibu 30. Vipovu vinabaki vidogo, haviungani, tena vinapanda polepole. Vidogo vingi viko na uso mkubwa kuliko vikubwa vichache. Hapo ndugu zetu wa povu walikuwa na haki!

Lakini ngozi ile ya sabuni inazuia. Katika maji safi uso wa kipovu unatiririka, maji mapya yanakuja kila mara kupokea oksijeni. Penye sabuni uso unakuwa mgumu sawa kijiwe. Mara nyingi hasara inapita faida. Wale wanaosafisha maji machafu ndani ya matangi ya vijidudu wanajua: pompi ileile inaingiza oksijeni kidogo kuliko katika maji safi, pengine nusu tu.

Chachu ya mkate nayo inakuzwa ndani ya matangi yenye kupulizwa hewa. Povu ikitaka kumwagika, wanatia mafuta kidogo. Povu inakufa, lakini vipovu vya ndani vinaungana, na oksijeni inapungua tena. Kumbe dawa pia inadai malipo.

Turudi ziwani. Sambaza, walioletwa kutoka Tanganyika karibu na mwaka 1959, wanaishi juu tu. Chini ya mita 60 hivi Kivu haina oksijeni. Povu yetu ya pwani haiwaongezei kitu, na uchafu wa nguo unaliwa na vijidudu vinavyokula oksijeni ileile.

Tangu siku ile tunafulia ndani ya beseni, na maji yake tunamwaga juu ya mawe ya lava, mbali na pale tunapochota.